Kujuana si Kuchunguzana

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-Hujurat kwamba ametuumba kwa mume na mke, akatufanya mataifa na makabila ili tupate kujuana. Na aya moja kabla ya hiyo ametukataza dhana mbaya na kuchunguzana. Basi kujuana ni jambo jingine na kuchunguzana ni jambo jingine, na mwenye kuyachanganya huwadhulumu wenzake naye akidhani anafanya wema.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya mashine za kumtambua mtu kwa uso. Kamera humtazama mpita njia, kompyuta ikapima macho, pua na kidevu chake, ikavigeuza hesabu, kisha ikazilinganisha na sura zilizowekwa akiba. Mwaka 2019 polisi wa Uganda walithibitisha kwamba wanatumia kamera za namna hii kutoka kampuni ya Huawei.

Wako wasemao: "Asiye na kosa ana khofu gani?" Na tuwatazame watu wa Nyantakara, sehemu za Biharamulo na Ngara mkoani Kagera. Hao hawahitaji kufundishwa thamani ya amani, kwani miaka mingi mabasi yalipita misitu ya huko yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa khofu ya majambazi. Lakini pia ni watu wa karibu na mpaka, waliochanganyika kwa ndoa na biashara na watu wa Rwanda na Burundi. Ilipokuja Operesheni Kimbunga mwaka 2013 kuwatoa wahamiaji wasio na vibali, maelfu waliondoshwa, na miongoni mwao wakatokea waliosema wameishi Tanzania miaka na miaka, hawana kwao kwingine. Mahali kama hapo, jicho huweza kumhukumu mtu kwa pua yake. Hata hivyo, jicho la mwanadamu huweza kuambiwa na jirani: "Huyu namjua, babake kazikwa hapa." Mashine haina jirani.

Nayo hukosea. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zinazobainisha mume na mke kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea zaidi ya 34 katika 100. Na Januari 2020, karibu na mji wa Detroit, Marekani, Robert Williams alikamatwa mbele ya mkewe na watoto wake kwa wizi asioufanya, kwa kuwa kompyuta ilimfananisha na mwizi. Mdhaniwa ndiye, siye.

Lakini tujaalie kwamba mashine haikosei kabisa. Je, yote yatakuwa sawa? Hapa ndipo penye mas-ala. Sisi hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, na hiyo si desturi tu, ni amri iliyomo katika Sura ya An-Nur. Na tukiambiwa turudi, twarudi. Hodi humpa mwenye nyumba haki ya kukataa. Mashine hii haipigi hodi. Kujuana ni kwa pande mbili: mimi nakujua, nawe wanijua. Anayekujua nawe humjui, huyo anakuchungulia.

Hatusemi kila kamera ni haramu. Mwizi na atafutwe, na mtoto aliyepotea na atafutwe, ila kwa mipaka, na awepo wa kuulizwa. Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sheria ni ngao, lakini ngao iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu.

Na majumbani mwetu je? Wanawake wamejipamba arusini, wamejisitiri na wanaume wa nje, mmoja akawapiga picha kwa simu na kuzitawanya bila ya kuwauliza. Ule nao ni uso uliochukuliwa bila hodi. Tutakapodai kwa wakubwa kwamba watupigie hodi, tuwe tumekwisha kuanza sisi kwa sisi.