Je, Ufundi ni wa Wanaume Peke Yao?

Liko swali ambalo wazazi wengi wa pande zetu hizi za Lindi hulijibu kabla halijaulizwa. Mtoto wa kiume akifungua redio iliyoharibika ili atazame yaliyomo ndani, husemwa, "Huyu atakuwa fundi." Binti akifanya vivyo hivyo, huambiwa, "Acha, utaiharibu. Kamsaidie mama yako jikoni." Watoto ni wawili, tamaa ya kujua ni moja, lakini majibu ni mawili. Basi yatupasa kuuliza kwa haki: kazi ya kujenga, ya vyuma na ya umeme imekuwa mali ya wanaume kwa sababu gani?

Wengi husema sababu ni nguvu za mwili. Haya, na tulipime neno hilo. Nyumba inapojengwa vijijini, ni nani atekaye maji ya kuchanganyia udongo au saruji? Ni mwanamke. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, naye huichukua kichwani toka kisimani hata mahali pa kazi, akarudi tena na tena mpaka jua kuchwa. Mwiko, timazi na pimamaji, ukivikusanya vyote pamoja, havifikii uzito wa ndoo ile moja. Kama nguvu ndizo zingekuwa kipimo, tungempa mwanamke pimamaji, na ndoo tungejitwika wenyewe. Kweli ni hii: hatukugawa kazi kwa uzito wake, tuligawa kwa heshima na kwa ujira. Mzigo tumewaachia wanawake, chombo tumejiwekea sisi. Tena mwenye chombo huitwa fundi na kulipwa. Mwenye ndoo huhesabiwa kuwa anasaidia tu.

Wengine husema sababu ni akili, ya kwamba mwanamke hawezi kuelewa mambo ya mitambo. Neno hili halihitaji kujibiwa kwa maneno, maana limekwisha kujibiwa kwa matendo, tena katika mikoa yetu wenyewe. Huko Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, kuna chuo kiitwacho Barefoot College, kilichoanzishwa mwaka 1972. Akina mama wa vijiji vya Lindi na Mtwara walisafiri hata huko, wakakaa miezi sita wakijifunza ufundi wa umeme wa jua. Mafunzo ya chuo hicho hayamdai mtu cheti cha shule wala lugha ya kigeni. Wanafunzi hufundishwa kwa rangi, kwa ishara na kwa kutenda, mpaka mkono uzoee kuunganisha nyaya, kulehemu, na kutafuta kasoro ilipo. Wakarudi nyumbani, wakafunga taa za jua katika nyumba ambazo zamani zilikuwa na kibatari tu. Baadaye kituo cha mafunzo ya namna hiyo kilifunguliwa Kinyasini, kisiwani Unguja.

Chuo hicho huwachagua akina mama, hata mabibi wenye wajukuu, kwa sababu iliyo wazi. Kijana akipata ujuzi na cheti, mara nyingi huhamia mjini, na ujuzi wake huondoka pamoja naye. Mama hukaa kijijini, na taa ikizimika yuko karibu wa kuitengeneza.

Wala jambo hili si geni duniani. Wasomaji wa kitabu cha Nehemia wajua ya kuwa ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, binti za Shalumu walihesabiwa pamoja na baba yao miongoni mwa wajenzi. Na huko New York, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, Washington Roebling, alipougua mwaka 1872 asiweze kwenda kazini, mkewe Emily alijifunza mambo ya ujenzi, akawa akipeleka maagizo na kuzungumza na wahandisi kwa miaka zaidi ya kumi, hata daraja likafunguliwa mwaka 1883. Tazameni neno lililo sawa katika habari hizi mbili: mlango ulifunguliwa nyumbani. Mmoja alikuwa baba, mwingine alikuwa mume.

Lakini wazee wetu wana hoja nyingine, nayo tusiipuuze. Husema kwamba msichana hufundwa unyagoni kuitunza nyumba na kujiheshimu, na kwamba mahali pa ujenzi pana wanaume wenye maneno machafu. Kuitunza nyumba ni jambo jema. Lakini je, ajuaye kuezeka paa lake na kuitengeneza taa yake, ameitunza nyumba kidogo kuliko asiyejua? Na kuhusu maneno machafu, tuulize kosa ni la nani. Mwizi akivizia njiani hatumfungii msafiri nyumbani maisha yake yote, twamkamata mwizi. Kadhalika msimamizi na akemee kinywa kichafu, wala asimfukuze binti aliyekuja kufanya kazi.

Jambo hili lina haraka. Gesi ya Songo Songo, katika Kilwa, ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba litokalo Mtwara, lipitalo katika mkoa wetu, lilifunguliwa mwaka 2015. Kazi za namna hii zahitaji watu wa kupima, wa kuchomelea vyuma na wa kufunga nyaya. Ikiwa binti zetu hawakufundishwa, watakaa nje ya ua wakiuza chakula, huku wengine wakiingia langoni na vifaa vyao. Tena tutasema wanawake hawakupenda kazi hiyo, hali sisi ndio tuliowanyima ujuzi.

Basi tufanyeje? Binti akipenda hesabu, asichekwe. Saa ya kusoma asitumwe maji peke yake, na kaka yake abebe ndoo pia. Mzazi awezaye na aulize habari za chuo cha ufundi cha VETA hapo Lindi, akiuliza kwa ajili ya binti kama aulizavyo kwa ajili ya mwana. Na wewe fundi, ukimpokea msichana kuwa mwanafunzi wako, usimfanye mfagiaji wa kiwanja. Mpe mwiko mkononi, umwoneshe jinsi timazi linavyoning'inia, na siku ya malipo umpe haki yake kamili.

Hatuwaombi wasichana wawe mashujaa. Ukuta ulio mbele yao tuliujenga sisi, na imetupasa sisi kuubomoa.