Adabu ya Alama za Mwilini

Mpakani Rusumo, dereva wa lori lililotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali humkabidhi ofisa wa uhamiaji pasipoti yake. Mkono unaoitoa pasipoti unaweza kuwa na jina la mtoto, msalaba au kichwa cha simba, na dereva akapigiwa mhuri kama wenzake. Anayempigia mhuri hana nafasi hiyo. Matangazo ya ajira ya Idara ya Uhamiaji, kama yale ya Jeshi la Polisi, hutaja wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kijana wa Rulenge au Benaco aliyekua akizitamani sare za mpakani anaweza kuenguliwa kwa kazi ya alasiri moja, kabla hata cheti chake cha kidato cha nne hakijafunguliwa.

Mtu wa kunasihiwa mwanzo, basi, ni huyu ambaye bado hajui maisha yatampeleka wapi. Haambiwi kwamba tatuu ni uhuni, maana hilo si kweli, na kijana akishaona anasingiziwa jambo huziba masikio hata kwa yale ya kweli yanayofuata. Anaambiwa asubiri. Akisubiri hapotezi kitu: akifika miaka ishirini na mitano na bado anaitaka picha ile ile, wachoraji watakuwepo.

Malori yanayopumzika Benaco yameandikwa majina ya watoto, dua na vijembe kwa mahasimu. Lori likiuzwa, tajiri mpya hulipaka rangi na kuandika yake. Ngozi haina ukarimu huo. Sindano hupeleka wino chini ya tabaka la juu linalochubuka kila siku, hadi kwenye tabaka la ndani, na huko chembe za kinga za mwili humeza rangi na kukaa nayo. Chembe moja ikifa, nyingine huidaka rangi ile. Kufuta kwa mwanga wa leza kunawezekana, lakini huhitaji safari nyingi kwa mtaalamu, zilizoachana kwa wiki kadhaa, na mara nyingi kivuli hubaki. Watu wenye ngozi nyeusi, ambao ndio wengi wetu, wana hatari kubwa zaidi ya kidonda kupona kwa kuvimba na kuacha kovu nene kuliko jeraha lenyewe.

Jina la mpenzi? Hapo nasaha ni fupi: aache.

Sababu nyingine hazistahili kukatwa haraka namna hiyo. Wapo wanaochora jina la mama aliyefariki. Wapo waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi wakaona afadhali watazame ua kuliko kovu. Wapo wanaopenda sanaa tu, wala hawadaiwi maelezo na mtu. Na wapo wasiochora kwa sababu zisizohusu aibu wala dini: Cristiano Ronaldo, ambaye vijana wengi wanaiga hata mkato wake wa nywele, ameeleza kwamba hana tatuu kwa kuwa hutoa damu mara kwa mara. Nchi nyingi humtaka aliyechorwa asubiri kwa miezi kadhaa kabla ya kuchangia damu, kwa hofu ya maambukizi.

Hofu hiyo ina historia Kagera kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walihimizwa kuacha kuchangia nyembe, iwe kinyozini au kwa mganga. Somo lile halijachakaa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hivyo sindano iliyofutwa kwa kitambaa na kuonekana safi si salama. Mchoraji mwenye adabu ya kazi hufungua sindano mpya mbele ya mteja, huvaa glavu, humimina wino kidogo kwenye kikombe cha mtu mmoja na kuutupa unaobaki. Hamchori mlevi wala mtoto wa shule, hata akilipwa mara mbili. Mteja anayeona haya kuuliza hayo yote aone haya pia kunyoosha mkono.

Wazee nao wana zamu yao ya kunasihiwa. Babu mwenye chale kifuani, aliyechanjwa na kusuguliwa dawa ili asirogwe, humkaripia mjukuu kwa nanga ndogo ya kwenye bega kana kwamba kugusa ngozi kulianza na intaneti. Mwili wa mtu aliyegandishwa na barafu, uliopatikana mwaka 1991 katika milima ya Alps na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 5,000, una alama 61 za kuchorwa. Karibu zaidi na kwetu, Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanja nyuso na vifua na kusugua mkaa jerahani, na kuvumilia maumivu yale kulimhesabia mtu utu uzima. Wanawake wa Kidatoga walichanjwa miduara kuzunguka macho. Tofauti ipo, na babu ana haki ya kuitaja: alama zile ziliamuliwa na ukoo mzima, ya mjukuu ameiamua peke yake na simu yake. Hiyo ni hoja ya kuzungumzwa kwenye mkeka, si ya fimbo.

Dini zina kauli, na mwenye kuifuata yake hapaswi kubughudhiwa. Waislamu hujiepusha kwa kutegemea hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume Muhammad (S.A.W.) amemlaani mwenye kuchora mwili na mwenye kuchorwa. Wakristo wengi hutaja Mambo ya Walawi 19:28. Hata hivyo Wakopti wa Misri huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, na Ethiopia na Eritrea wamo bibi wa Kikristo wenye msalaba kwenye paji la uso tangu utotoni. Anayetaka kumhubiria mgeni kwa kutazama ngozi yake atahitaji kwanza kujua mgeni huyo ni nani.

Na Rusumo wanapita wageni wengi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la mto Kagera wakitoka Rwanda na kujaza vilima vya Benaco. Wapo manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka huo wanaoishi hadi leo na makovu ya mapanga kichwani na mabegani. Wafungwa wa kambi ya Auschwitz walichorwa namba mkononi na Wanazi, na namba hizo zilizeeka nao. Alama za namna hii hazikuchaguliwa na wenyewe, na hapa ndipo adabu inapohitajika kuliko kwenye mjadala wowote wa fasheni. Kwenye basi, dukani au kwenye foleni ya forodha, mtu haulizwi alama yake imetoka wapi. Akitaka kusema atasema. Mtoto akinyoosha kidole, mzazi humshusha mkono polepole na kumjibu wakiwa wawili, nyumbani, bila kumfanya mwenye kovu asikie kesi yake ikisomwa.

Bibi harusi anayetaka urembo bila kujifunga ana hina, ambayo hufifia ndani ya wiki chache. Piko nyeusi isichukuliwe kuwa ni hina ya kiza tu. Mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kumwachia mtu mzio wa maisha. Shangazi anayeshika kazi ya kupamba aulize kwanza kilichomo kwenye pakiti.

Ikitokea kijana amerudi nyumbani tayari amechorwa, muda wa kumzuia umepita na kelele hazifuti wino. Mama mwenye busara huanza na afya: ngozi imevimba, ina joto, inatoa usaha? Sindano ilifunguliwa mbele yake? Kama hana uhakika, waende zahanati siku hiyo hiyo, maana dawa ya kuzuia VVU haina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Kuhusu tangazo la ajira la Uhamiaji, wataongea wakiwa njiani.