Mvinyo Mkavu Mbele ya Mukeke

Mvinyo mweupe huitwa mkavu pale ambapo sukari ya zabibu imeliwa na hamira na kugeuzwa kileo, hata kilichobaki kikawa haba mno kuhisiwa na ulimi. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kawaida huweka mpaka wake kwenye gramu 4 za sukari kwa lita. Utamu ukishaondoka, uchachu hujitokeza mbele, nao ndio unaomfanya mtu aliyezoea soda na bia kukunja uso, kuisogeza glasi kando na kutoa hukumu kwamba kinywaji kimeharibika, au, kama ionekanavyo katika karamu nyingi, kukitia Fanta. Hukumu hiyo ni ya haraka, kwa kuwa mvinyo wa aina hii hutengenezwa ukitarajiwa kukutana na chakula, na kuuonja bila chakula ni kumsikiliza shahidi mmoja katika kesi yenye wawili.

Ufuko wa Burundi kwenye Ziwa Tanganyika hauna mashamba ya mizabibu yanayojulikana, na jirani wa karibu mwenye sifa hiyo ni Dodoma, ambako zabibu zililetwa na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 20, na ambako mzabibu, kwa kukosa majira ya baridi kali ya kuulaza, huvunwa mara 2 kwa mwaka. Miongoni mwa zabibu nyeupe zinazolimwa huko imo Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa, ambayo sifa yake kubwa ni kutunza uchachu wake hata juani.

Kuonja kwenyewe ni kazi ya pua kuliko ya ulimi. Ulimi hutambua mambo machache tu, yaani utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule unono wa mchuzi wa nyama au samaki, ilhali harufu ya tofaa, ya pea au ya asali hupanda puani kwa njia ya nyuma ya koo; ndiyo maana mwenye mafua hula sombe na ugali asijue tofauti yake. Kwa hiyo mwonjaji hunusa kwanza, huchukua funda dogo, hulizungusha kinywani, huvuta hewa kidogo, kisha husubiri aone ladha inadumu kwa muda gani.

Kwenye ufuko huo wa Burundi, huko Kizuka na kwa ujumla katika ukanda wa Rumonge, chakula kinachongojea glasi hiyo kinajulikana: mukeke, ambaye wavuvi wa Kigoma humwita mgebuka, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akachomwa juu ya makaa mpaka ngozi ikaanza kupasuka na mafuta kudondoka, kisha akakamuliwa ndimu. Ndimu hiyo haiwekwi kwa pambo. Asidi yake hukata mafuta, husafisha kinywa na kukifanya kitamani tonge linalofuata, na kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa na mvinyo mkavu. Mpishi wa Rumonge, hata kama hajawahi kugusa chupa, anaijua kanuni hii kwa mikono yake. Mvinyo mwekundu hauna bahati hiyo, kwa sababu madini ya chuma, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi ndani yake, yakikutana na mafuta ya samaki huacha kinywani shombo lisilopendeza.

Ugumu huanza kwenye mawese, mafuta mekundu ya michikichi ambayo ndiyo sifa ya Rumonge. Takriban nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda upesi, kama anavyojua kila aliyeacha sufuria ya maharage yaliyoungwa kwa mawese ikalala usiku wa baridi. Vitabu vya Ulaya hushauri mvinyo mweupe unywewe baridi sana, lakini funda la baridi kali juu ya sombe lenye mawese huyagandisha mafuta kwenye kaakaa, yakabaki kama nta. Hapa mwongozo wa kigeni haufai kufuatwa kikasuku: chupa itolewe kwenye friji mapema, ifikie nyuzi 12 hivi au zaidi kidogo. Ndagala waliokaushwa hupatana na mvinyo kwa sababu chumvi hulainisha uchachu. Wakipikwa kwa pilipili nyingi, kileo huuchochea ule moto, na hapo maji ni bora.

Lipo pia suala la adabu, nalo si dogo katika mji kama Rumonge, ambamo Waislamu na Wakristo huketi karibu. Ujuzi wa kuonja haumpi mtu ruhusa ya kumshurutisha mgeni, wala haumfanyi asiyekunywa kuwa mshamba. Anayejigamba kwa jina la chupa huku mukeke wake umepoa hajaonja chochote, na anayemaliza chupa nzima ili aonekane mjuzi amekwisha kupoteza pua aliyokuwa akijivunia. Mwenyeji mwenye chupa moja tu na aifungue kwa mukeke wa makaa, aigawe kwa kiasi, na jirani asiyekunywa amwekee maji ya ndimu yasiyotiwa sukari: kwa samaki huyo, yanatosha kabisa.