Ngoto ya Mto Ruvu

Swali langu ni jepesi kulitamka: anayekunywa maji bondeni ana deni lolote kwa anayeishi kwenye chemchemi? Wengi tutasema hana. Maji ni ya Mungu, mto haukati tiketi kwa mtu. Nataka kulibishia jibu hilo, na nitaanza na neno moja la Kiluguru: ngoto.

Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Ukoo mkubwa ni lukolo. Tawi lake huitwa tombo, yaani titi, maana watu wa tawi moja wanajihesabu kwa bibi mmoja aliyewanyonyesha. (Hata Matombo, mashariki ya milima, jina limetokana na vilele vinavyofanana na matiti.) Mtu wa ukoo mwingine akiomba pa kulima, anapewa. Analima, anavuna, na kila mwaka anampelekea mkuu wa ukoo kitu kidogo. Hiyo ndiyo ngoto. Roland Young na Henry Fosbrooke waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Uluguru, na bado ni kitabu cha kutafuta. Ila mimi sipendi kuiita kodi ya shamba. Kodi unaweza kumlipa hata usiyemjua. Ngoto ni mtu kuja na kusema: nalima hapa, nakula hapa, na ninajua hapa ni pa nani.

Sasa panda nami mpaka Kibungo Juu. Huko mashamba yamening'inia ubavuni mwa mlima: migomba, mihogo, pilipili manga, mdalasini. Chini unasikia Mfizigo kabla hujauona. Mfizigo unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba 2022 mto uliposhuka, jiji zima likaingia kwenye mgawo wa maji, na ghafla kila mtu mjini akawa mtaalamu wa Uluguru. Eti wakulima wa milimani ndio wanaotumaliza.

Lawama hiyo ina umri mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi, siku za kazi zikahesabiwa, mkaidi akatozwa faini. Matuta yale, kwenye udongo mwembamba wa mlimani, mara nyingi yalifukua udongo mfu na kuuzika ule wenye rutuba. Wakulima waliliona hilo kwa macho mavuno yalipopungua. Julai 1955 Matombo ikawaka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Lakini ngoja. Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yakaja kulekule Kibungo na mradi wa kuwalipa wakulima kwa kutunza vyanzo vya maji. Miongoni mwa waliochangia fedha ni DAWASCO, waliokuwa wakiuza maji Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Na wakulima walitakiwa kufanya nini? Kupanda miti, kulima kilimo mseto, na, ndiyo, kuchimba matuta. Safari hii wengi wakachimba. Wachumi watasema ni kwa sababu ya hela, na sitaki kujifanya hela si kitu kwa mtu anayebeba ndizi kichwani mpaka sokoni. Hata hivyo kiasi chenyewe hakikuwa cha kumtajirisha mtu. Nadhani kulikuwa na jambo jingine: kwa mara ya kwanza mtu wa bondeni alipanda mlima akiwa na kitu mkononi. Hawakuiita ngoto, lakini ilifanana nayo sana. Tatizo ni kwamba mradi una tarehe ya kwisha, na ngoto haina.

Kilichobaki ni sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwenye uwanda wa Kilombero, sawa. Kibungo, ambako kila mkunjo wa mlima una kijito chake, unapima mita 60 za kijito hiki unajikuta umeshaingia kwenye mita 60 za kile. Mama mmoja niliyemkuta akipalilia mihogo aliniuliza kwa upole kabisa: kwa hiyo mwanangu, sisi tusimame wapi? Sikuwa na pa kumwonyesha.

Najua pingamizi lililo zito zaidi. Dar es Salaam si mtu mmoja. Kuna anayemwagilia nyasi za bustani yake, na kuna mama wa Mbagala anayenunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni, kwa bei inayomshinda. Ukisema jiji lilipe, gharama itateremka mpaka itue kichwani kwake. Na huenda kijana anayesukuma mkokoteni ule ni Mluguru aliyekimbia uhaba wa ardhi. Pingamizi hili silidharau. Lakini linahusu nani alipe na kiasi gani, halifuti deni.

Na si kwamba hatujui kulipa. Huko chini linajengwa bwawa la Kidunda, litakaloshika mita za ujazo milioni 190 za maji ya Ruvu. Wanaohamishwa pale wanafanyiwa tathmini: nyumba yako, shamba lako, minazi yako mingapi. Hiyo ni fidia, na fidia ni ya kuagana. Ukishailipa humdai wala hudaiwi. Watu wa Mfizigo hawahami. Wapo palepale juu, na maji yanawapita mlangoni kila siku kwenda kujaza bwawa ambalo kwenye hesabu zake wao hawana mstari.