Mmewapa Akina Nani Sikio Lenu?



Tunapowaandaa vijana kwa Sakramenti ya Ndoa, tunawafundisha kwamba ndoa ni agano la mume na mke mbele ya Mungu. Hilo ni kweli kabisa. Lakini siku ya arusi yenyewe hutuonyesha kwamba wawili hao hawako peke yao. Sheria ya Kanisa hutaka, pamoja na kasisi au shemasi, wawepo mashahidi wawili (Kanuni 1108). Nyuma yao wameketi wazazi, ndugu, marafiki, majirani na wanajumuiya. Arusi ikiisha, viti vya kukodi hurudishwa kwa mwenyewe, lakini watu hao hawarudishwi pamoja na viti. Watawafuata hadi nyumbani, wengine kwa miguu na wengine kwa simu. Kila mmoja ana neno la kuwaambia, na maneno hayo yataingia katika sala zenu, katika matumizi ya pesa na katika malezi ya watoto wenu.

Kwa hiyo leo tutafakari swali moja: Je, ni akina nani ambao mmewapa sikio lenu? Mtu anayesikilizwa kila siku ndiye mwalimu wa roho, hata kama hajawahi kushika katekisimu mkononi.

IMANI YA WALE WANNE

Fungua Injili ya Marko, sura ya pili, mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Pale Kapernaumu kulikuwa na mtu aliyepooza. Hakuweza kwenda kwa Yesu kwa miguu yake. Watu wanne wakambeba, na walipoona mlango umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha kwa kitanda chake. Marko anasema kwamba Yesu aliiona imani yao, ndipo akasema na yule mgonjwa. Hakuiangalia imani ya mgonjwa peke yake. Aliiangalia pia imani ya waliombeba.

Katika ndoa huja siku ambayo mume au mke amepooza rohoni. Labda amefutwa kazi, na anaona aibu kuonekana kanisani. Labda wamemzika mtoto, na kila akifungua kinywa kusali, machozi yanamtangulia. Labda amegundua kwamba mwenzake amemdanganya. Siku hiyo hawezi kujipeleka kwa Yesu. Atapelekwa na wale walio karibu naye. Wakiwa watu wa imani, watatoboa hata paa. Wasipokuwa watu wa imani, watambeba pia, lakini watampeleka kwingine: mmoja kwa mganga, mwingine kwenye pombe, mwingine kwa wakili wa talaka kabla paroko hajasikia lolote.

Wale wanne hawatafutwi siku ya ugonjwa. Ni lazima wawe wamekuwa marafiki zako tangu zamani.

KICHEKO KINA NGUVU

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia jinsi alivyokuwa kijana wa miaka kumi na sita, yeye na wenzake wakaenda usiku kuiba mapeasi ya jirani. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na matunda mazuri zaidi, na mengi ya yale waliyoiba waliyatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima akajiuliza kwa nini alifanya hivyo. Jibu lake ni la kutufunza sote: anasema kwamba peke yake asingeliiba. Alifanya kwa sababu alikuwa na wenzake, na katika kundi lile mtu aliona aibu kutokuwa mbaya.

Wapendwa, je, jambo hili limeishia kwa vijana? Mfikirie baba aliyepokea mshahara mwisho wa mwezi. Akiwa peke yake, angepanda matatu na kwenda nyumbani na mkate wa watoto. Lakini wenzake wanamwita mezani. Akikataa wanacheka: "Wewe mzee, siku hizi unaomba ruhusa?" Hakuna aliyemwambia aache dini. Wamecheka tu. Basi anakaa. Mwezi wa kwanza ni Ijumaa moja. Baadaye ni Ijumaa na Jumamosi. Halafu Jumapili anaamka amechoka, mama anakwenda Misa na watoto peke yake. Siku moja mtoto wa kiume anauliza, "Mama, nikiwa mkubwa kama Baba nitaacha pia kwenda kanisani?" Hapo ndipo tunapoona bei ya kicheko kile.

Na akina mama nao? Kuna mama aliyeishi vizuri na mumewe, akajiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Akiba ni jambo jema. Lakini baada ya kuhesabu pesa, mazungumzo ni yale yale: wanaume wote ni waongo, mke mwerevu huficha yake mapema. Siku hizi maneno hayo humfikia hata jikoni, kwa kuwa kikundi kiko pia kwenye simu. Polepole anaanza kumtazama mumewe kwa macho ya wenzake. Akichelewa nusu saa, ameshahukumiwa. Rozari waliyokuwa wakisali pamoja jioni inakufa, maana ni vigumu kusali na mtu unayemshuku.

Wahenga walisema, ukikaa karibu na waridi utanukia. Ukikaa karibu na moshi, nguo zako zitanuka moshi hata kama hukuwasha moto wewe.

WAKWE NA NDUGU

Wengine hudhani kwamba wakwe ni watu wa kuharibu ndoa tu. Maandiko hayasemi hivyo. Ruthu Mmoabi alimjua Mungu wa Israeli kupitia kwa Naomi, mama mkwe wake. Mume alikuwa amekufa, shamba hakuna, watoto hakuna, lakini Ruthu alikataa kumwacha mama huyo na akachagua Mungu wake awe Mungu wake pia (Ruthu 1:16). Mama mkwe, jiulize: huyu binti aliyeolewa kwako, je, akikutazama anavutwa kumpenda Mungu wako?

Mtazameni pia Mtakatifu Monika, mama yake Augustino. Alipoolewa, watumishi wenye maneno walimchongea kwa mama mkwe wake hata yule mama akamkasirikia. Monika hakurudisha tusi kwa tusi. Aliendelea kumheshimu na kumvumilia mpaka mama mkwe mwenyewe akagundua uongo ule, akaueleza kwa mwanawe, na nyumba ikapata amani. Augustino anaongeza jambo lingine. Wanawake wawili walipogombana, na kila mmoja akaja kumwaga uchungu wake mbele ya Monika, yeye hakupeleka maneno ya huyu kwa yule, isipokuwa yale tu yaliyoweza kuwapatanisha. Tungekuwa na mtu mmoja kama huyo katika kila ukoo, ni ndoa ngapi zingepona!

WASIMAMIZI NA JUMUIYA

Nataka kusema kidogo juu ya wasimamizi wa arusi. Mara nyingi huchaguliwa kwa sababu wana gari, au watapendeza kwenye picha. Lakini ninyi vijana mnaojiandaa, na ninyi wazazi mnaowashauri, tafuteni watu walioishi ndoa yao mbele ya Mungu, waliopita katika matatizo na hawakuachana. Na ninyi mliosimamia wengine, kazi yenu haikuisha siku ya keki. Ni lini mara ya mwisho mliwatembelea?

Tuna pia jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 maaskofu wetu wa AMECEA, yaani wa nchi za Afrika ya Mashariki, walikutana Nairobi na kusisitiza ujenzi wa jumuiya hizi, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi, ambapo jirani anamjua jirani. Lakini katika jumuiya nyingi wanaofika ni akina mama. Akina baba hutuma sadaka. Ndugu yangu, sadaka yako inapokelewa kwa shukrani, lakini shilingi haiwezi kukuuliza mbona siku hizi umenyamaza. Mwanajumuiya anaweza. Ukiugua, atakuletea uji. Ukilegea, atakuletea swali. Vyote viwili ni upendo.

JIRANI WA KWANZA

Katika wote wanaotuzunguka, aliye karibu kuliko wote ni mwenzi wako. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1964 kwamba familia ni kama Kanisa la nyumbani. Basi katika Kanisa hilo dogo, mume humhubiria mke na mke humhubiria mume, hata wakiwa kimya. Mke anayemkuta mumewe amepiga magoti amesikia mahubiri. Mume anayemwona mkewe akimsamehe jirani amesikia mahubiri.

Lakini wengine wataniuliza: "Katekista, na ikiwa mwenzangu ndiye anayenivuta chini?" Hilo ni swali zito, na wengi wanalibeba kimya. Mtakatifu Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mwenzi asiyeamini hutakaswa kwa yule anayeamini (1Kor 7:14). Monika naye aliishi na Patricius, mume mwenye hasira ambaye hakuwa Mkristo. Hakumhubiria kwa kelele. Alingoja hasira ipoe, ndipo akasema naye. Patricius akawa mwamini mwishoni mwa maisha yake.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Uvumilivu wa Monika si ruhusa ya mtu kupigwa. Ikiwa nyumbani kuna kipigo, usikifiche kwa jina la msalaba. Jikinge wewe na watoto, mweleze paroko na watu wa kuaminika, na usiogope kuitafuta serikali. Kumzuia mtu asitende dhambi dhidi yako ni kumpenda pia.

MFANYE NINI?

Kwanza, tafuteni jioni moja, watoto wakiwa wamelala na simu zimezimwa. Kila mmoja ataje watu watatu anaowasikiliza zaidi. Hapa kuna kanuni: usianze na marafiki wa mwenzako, anza na wako. Ukianza kwa kusema, "Yule rafiki yako ananichukiza," mazungumzo yamekwisha. Jiulize juu ya kila mmoja: Nikitoka kwake, narudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumwona mwenzangu, au nikiwa na kesi mpya?

Pili, msiwafukuze watu. Bwana wetu alikula na watoza ushuru na wenye dhambi, na majirani zetu wa madhehebu na dini nyingine wengi wao hutufundisha uaminifu na sala. Rafiki anayekuvuta vibaya huhitaji kutukanwa. Badilisha mahali na wakati wa kukutana naye. Mwalike nyumbani, ale chakula na familia yako. Akiwa rafiki wa kweli, atakuja. Akikupenda kwa sababu ya bili unayolipa, utajua.

Tatu, siri za nyumba msizitawanye. Chagueni pamoja mtu mmoja au wanandoa wawili ambao mnaweza kuwaeleza matatizo yenu, watu wasiopendelea upande mmoja. Anayekusikiliza na kukuambia tu kwamba wewe una haki, huyo hajakusaidia.

Nne, nanyi muwe watu wa kubeba wengine. Katika Agano Jipya wametajwa mume na mke, Akila na Priskila, waliokuwa mafundi wa kushona mahema. Wametajwa mara sita, na kila mara wako pamoja. Paulo alikaa kwao Korintho na kufanya kazi nao. Baadaye, kule Efeso, walimsikia Apolo akihubiri kwa bidii lakini bila ufahamu kamili. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza vizuri zaidi (Mdo 18:26). Kanisa lilikutana katika nyumba yao (1Kor 16:19). Hawakuwa makasisi. Walikuwa wanandoa wenye kazi ya mikono na mlango ulio wazi. Pengine katika mtaa wenu kuna vijana waliooana juzi, wanagombana kila usiku, na ukuta wa ploti ni mwembamba kiasi kwamba mnawasikia. Je, mmewasikia ili mpate habari, au ili mwaalike chai?

MASWALI YA KUZUNGUMZIA PAMOJA

1. Mwaka huu, ni nani aliyetusogeza karibu zaidi na Mungu? Tumewahi kumshukuru?

2. Kuna sala au desturi njema tuliyoiacha kwa sababu ya kuogopa kuchekwa?

3. Siku mmoja wetu akipooza rohoni, ni wanne gani watakaombeba?

4. Watoto wetu wakiwatazama marafiki tunaowakaribisha, wanajifunza nini juu ya ndoa?

Mkimaliza, shikaneni mikono msali kwa maneno yenu wenyewe. Mkikosa maneno, semeni hivi: Bwana Yesu, asante kwa watu uliotuwekea karibu. Tupe hekima ya kujua tumsikilize nani. Waponye wale tuliowaumiza kwa ulimi wetu. Utufanye sisi wawili tuwe msaada kwa nyumba nyingine. Amina.

Mungu awabariki ninyi, watoto wenu, na wote wanaobisha mlangoni kwenu.