Mwuguzi Aliyepatia kwa Kubahatisha

Yaulizwa: mwuguzi aliyeletewa mtoto mwenye homa, akampa dawa ya malaria pasi na kumkagua, kisha mtoto akapoa, je, ana lawama? Wengi hujibu upesi kwamba hana, maadamu mtoto amepona. Jawabu hilo si sawa.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamesema kuwa mwenye kusali pasi na kujua wala kujitahidi kujua kama wakati umeingia, sala yake haisihi, hata ikidhihiri baadaye kwamba ulikuwa umekwisha ingia. Kupatia kwake hakumfai kitu, kwani alilotakiwa kwanza ni kuchunguza. Na aliyejitahidi kwa dalili kisha akakosea, hana dhambi, ijapokuwa sala itamlazimu kuilipa. Ikiwa hivi ndivyo katika haki ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mwingi wa kusamehe, itakuwaje katika roho ya mtoto wa watu?

Wala hili si jambo la kukisiwa. Mwaka 2008 walichunguzwa watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 walioletwa kwa homa, Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi. Basi aliyeshika ada ya zamani, kwamba kila homa ni malaria, angaliwakosea karibu tisa katika kumi.

Mwuguzi wa Temeke au Mwananyamala aijuaye kazi yake humfunua mtoto kifua, akazihesabu pumzi zake dakika nzima. Wa miezi miwili hata kumi na mmoja akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hata mitano akifikisha 40, huhofiwa kichomi. Humwuliza mama: ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Kisha hupima damu. Na damu ikionyesha malaria, hilo halimwondolei kifua.

Atasema mtu: wagonjwa ni wengi, wauguzi ni wachache. Ni kweli, na udhuru huo humpunguzia. Lakini mzigo haupotei, bali humhamia aliyepewa amana ya kuwaweka wauguzi wa kutosha.

Na sehemu yake humwangukia baba. Wako akina baba wanaoingia na hukumu yao tayari: huyu ana malaria, apigwe sindano. Mwuguzi akitazama saa na kuhesabu, wao hunung'unika kuwa anawachelewesha. Ajabu ni kuwa mtu huyo huyo hakubali fundi atie ubao katika jahazi lake asiougonga kwanza na kuusikiliza! Dakika ile anyamaze, amtulize mwanawe mapajani, kwani mtoto aliaye pumzi zake hazihesabiki.