JE, WATU WOTE NI WACHOYO?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Baada ya swala ya Ijumaa iliyopita ndugu mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia: "Shehe, nimechoka na batu. Kila mutu anajipenda yeye tu." Sikumjibu siku ile. Nimeona nimjibu mbele yenu, kwa sababu neno lake nalisikia sokoni, na hata nyumbani kwangu.

Kwanza, hakusema uongo. Mwenyezi Mungu mwenyewe anatueleza katika Suratul-Maarij kuwa mwanadamu ana pupa katika umbile lake: shida humtia hofu, na neema humfunga mkono. Sisi wa Goma tumeyaona. Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na asubuhi ya tarehe 27 ikatoka amri mitaa kumi ya mji ihame. Siku ile nauli ya kwenda Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi, ilipanda kila saa. Na waliopandisha si wageni, ni watu tunaosalimiana nao kila siku.

Lakini ndugu yangu, hesabu yako ina kosa. Uchoyo unafanyika barabarani, kila mtu anauona na kuusimulia. Ukarimu unafanyika ndani, mlango umefungwa. Kule Sake watu walilala mashuleni na makanisani, na wengine wakalala katika nyumba za watu wasiowajua kabisa. Bei ya gari tunaikumbuka hadi leo. Majina ya wenye nyumba zile tumeyasahau.

Sasa niseme na langu. Volkano ilipoharibu mabomba, mimi nilikuwa na bidoni tano za maji. Jirani yangu, mama mkristo, akabisha hodi. Nilimpa nusu bidoni, nikamwambia ndiyo yaliyobaki. Mimi ninayesimama mimbarini! Moyoni nikajitetea kwamba nina watoto, na kwamba hata yeye angefanya vilevile.

Usiku nikamkumbuka yule Answari wa Madina. Mgeni mwenye njaa alimjia Mtume (S.A.W.), na katika nyumba zote za Mtume hakukuwa na kitu ila maji. Answari akamchukua mgeni kwake. Chakula kilichokuwapo kilikuwa cha watoto tu. Mke na mume wakawalaza watoto, wakazima taa, wakajifanya wanakula ili mgeni ashibe. Naye pia alikuwa na watoto.

Tunakisimulia kisa hiki kana kwamba wale walikuwa malaika. Hapana. Walizima taa kwa sababu njaa ilikuwapo na chakula hakikutosha. Na aya ya tisa ya Suratul-Hashri, inayowasifu, haisemi kwamba wako watu waliozaliwa bila uchoyo. Inawataja wanaolindwa na uchoyo wa nafsi zao. Halindwi mtu na kitu kisichokuwapo.

Ndiyo maana naliogopa hilo neno "watu wote ni wachoyo". Linaonekana kama huzuni, kumbe mara nyingi ni ruhusa tunayojipa. Mimi lilinisaidia kufunga mlango wa ghala.

Siku ya tatu mtoto wa yule mama aliirudisha bidoni yangu. Ilikuwa imejaa. Walikwenda kuchota ziwani, na mama akasema wasiirudishe tupu. Kumbe sikuwa na elimu yoyote juu ya moyo wake. Nilikuwa nauelezea wa kwangu.

Rudi sasa kwenye ile Suratul-Maarij. Baada ya kutaja pupa, Mwenyezi Mungu anawatoa wenye kuswali, kisha anawaeleza: katika mali zao imo haki inayojulikana, ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Huyu wa pili ndiye mgumu. Habishi hodi, anaona haya, na usipomtafuta hutamjua.

Ndugu uliyenishika mkono, nakungoja palepale mlangoni leo baada ya swala. Kuna mjane nyuma ya soko ambaye hajawahi kumwomba mtu yeyote. Tutakwenda wote wawili. Wewe ulete unga, mimi nitabeba maji.

Wabillahi tawfiq.